Dawa Isiyopita Mdomoni

 

Somo letu la leo linahusu dawa zinazowekwa kwenye njia ya haja kubwa. Najua hapo mmeshaanza kucheka. Haya, chekeni mmalize kabisa, halafu tuendelee, maana mada hii inahusu uhai wa mtu. Na mtu huyo huenda ni mdogo wako anayelala chumba kimoja na wewe.

Kitaalamu dawa hizi huitwa sapozitori. Sisi katika somo hili tutaziita "dawa za njia ya nyuma", ili kila mtu aelewe.

Dawa huingiaje mwilini?

Ukiulizwa dawa inapitia wapi, utajibu haraka: mdomoni. Au sindano. Lakini fikiria kidogo. Dawa ya macho hudondoshwa jichoni. Dawa ya pumu huvutwa kwa pumzi. Dawa ya fangasi hupakwa kwenye ngozi. Kwa hiyo dawa ina milango mingi, na mganga huchagua mlango kulingana na ugonjwa na hali ya mgonjwa.

Mlango wa nyuma si uvumbuzi wa jana. Maandishi ya tiba ya Misri ya kale, yaliyoandikwa yapata miaka 1550 kabla ya Kristo, yanazitaja dawa za aina hii. Watu wameujua mlango huu kwa zaidi ya miaka 3,000.

Sasa kumbuka somo la Biolojia. Sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, karibu na njia ya haja kubwa, ina ukuta mwembamba wenye mishipa mingi ya damu. Dawa ikiwekwa pale, joto la mwili, ambalo ni kama nyuzi 37, huiyeyusha. Ikishayeyuka inapenya ukuta ule na kuingia kwenye damu. Damu nayo huisambaza mwili mzima, mpaka kwenye ubongo.

Kuna jambo jingine. Dawa ya kumeza hupita kwanza kwenye ini, na ini hupunguza nguvu ya baadhi ya dawa kabla hazijafika zinakotakiwa. Dawa iliyowekwa nyuma, sehemu yake huingia kwenye damu bila kupitia ini kwanza. Kwa hiyo usidhani kwamba njia hii ni ya dawa dhaifu.

Hutumika lini?

Njia hii hutumika hasa mdomo unaposhindwa kazi. Mtoto anatapika kila kitu. Mgonjwa amezimia. Mtu ana degedege na meno yameuma. Ukimlazimisha mgonjwa wa namna hiyo kumeza kidonge au maji, vitaingia kwenye njia ya hewa na anaweza kupaliwa akafa.

Zipo dawa za aina mbalimbali zinazowekwa nyuma: za kushusha homa, za kulainisha choo kigumu, za bawasiri. Diazepamu ya maji huwekwa nyuma na mhudumu wa afya kuzuia degedege linaloendelea zaidi ya dakika 5. Lakini iliyo muhimu zaidi kwetu sisi wa vijijini ni moja: artesuneti ya malaria kali.

Artesuneti hutokana na mmea unaoitwa Artemisia annua, ambao Wachina waliutumia tangu zamani kutibu homa. Mwanasayansi Tu Youyou wa China na wenzake walipata kiini chake miaka ya 1970, na mwaka 2015 mama huyo alipewa Tuzo ya Nobel. Dawa ya mseto ALu mnayoijua pia ina dawa ya ukoo huo.

Tuseme ni mdogo wako

Tuseme mnaishi kijiji cha mbali huko Meatu au Itilima. Mdogo wako ana miaka 2. Jana alikuwa na homa. Leo mchana amekataa uji, akinyonya anatapika, na sasa ni saa 10 jioni amelegea tu, ukimwita hageuki. Mara anaanza kukakamaa na kugeuza macho.

Baba yuko shamba la pamba. Mama ameanza kulia. Bibi anasema, "Mjukuu wangu, hili ni degedege. Sindano itamuua. Tumpeleke kwa fundi kwanza."

Wewe uko kidato cha pili. Utasemaje?

Usimtukane bibi. Maneno yake yana historia. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo miaka ya 1990 waliwakuta wazazi wengi wakiliona degedege kuwa ni ugonjwa wa peke yake, usiohusiana na malaria, na wakianzia kwa waganga wa jadi. Unaweza kumjibu hivi kwa heshima:

"Bibi, nakuelewa. Lakini tumefundishwa shuleni kwamba malaria ikipanda kichwani ndiyo inaleta degedege. Zahanati wana dawa ambayo haimezwi. Twende sasa hivi, jua halijazama."

Na wakati watu wanajiandaa, fanya haya:

- Mlaze mtoto ubavu, ili matapishi na mate yatoke nje.
- Mlegezee nguo. Ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza.
- Usimtie kijiko wala kidole mdomoni.
- Usimnyweshe kitu chochote, iwe maji au dawa ya mitishamba.
- Angalia saa, ukumbuke degedege limeanza lini na limechukua dakika ngapi. Nesi atauliza.

Kumbuka kwamba degedege lina sababu nyingine pia: homa ya uti wa mgongo, sukari kushuka, kifafa. Zote zinataka zahanati, hakuna hata moja ya kusubiri asubuhi.

Dalili ya mvua ni mawingu. Mawingu ya malaria kali kwa mtoto ni haya manne: hawezi kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea sana au amezimia. Ukiona hata moja, ni safari.

Zahanati watafanya nini?

Mhudumu atampima mtoto na kutoboa kidole kwa kipimo cha haraka cha malaria. Akiona ni malaria kali, anajua kwamba mtoto huyu anahitaji hospitali, au kituo cha afya chenye uwezo wa kumlaza. Kama zahanati ina sindano ya artesuneti na mtu aliyefundishwa kuichoma, sindano ndiyo hutangulia. Kama haipo, na mtoto hajafikisha miaka 6, ndipo artesuneti ya njia ya nyuma inapofanya kazi. Inatolewa mara moja tu, kisha safari ya rufaa inaanza.

Kipimo chake ni miligramu 10 kwa kila kilo ya mtoto. Piga hesabu: mtoto wa kilo 10 anahitaji miligramu ngapi? Ni 100, yaani kidonge kimoja laini. Kwa kawaida mtoto wa miezi 6 mpaka kabla ya kutimiza miaka 3 hupewa kimoja, na wa miaka 3 mpaka kabla ya miaka 6 hupewa viwili. Shirika la Afya Duniani haliipendekezi kwa watoto wakubwa zaidi wala watu wazima. Kwa hiyo wewe ukiugua, usiitamani.

Inawekwaje? Hakuna maajabu:

1. Mhudumu ananawa mikono na kuvaa glovu.
2. Mtoto analazwa ubavu, magoti yamekunjwa, au analala kifudifudi mapajani kwa mama.
3. Kidonge kinatolewa kwenye karatasi yake na kuloweshwa kidogo kwa maji safi.
4. Kinasukumwa taratibu ndani, mpaka kipite msuli unaofunga njia.
5. Makalio yanabanwa pamoja kama dakika 10, ili kisitoke.
6. Mhudumu anaandika saa na kiasi cha dawa kwenye barua ya rufaa.

Mtoto akijisaidia na kidonge kikatoka kabla ya dakika 30 kuisha, huwekewa kingine. Baada ya hapo hakirudiwi, kwa sababu dawa imeshaingia.

Masaa 6

Je, kweli inasaidia? Mwaka 2009 jarida la kitabibu la The Lancet lilitoa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Bangladesh, Ghana na hapa kwetu Tanzania. Wagonjwa 17,826 waliodhaniwa kuwa na malaria kali, ambao hawakuweza kumeza dawa, waliwekewa nyuma ama artesuneti ama kidonge kisicho na dawa, kisha wakapewa rufaa.

Kwa waliofika kituoni ndani ya masaa 6, tofauti kubwa haikuonekana. Lakini angalia wale ambao masaa 6 yalipita bado wako njiani. Katika waliopata artesuneti, 29 kati ya 1,566 walikufa au kupata ulemavu wa kudumu. Katika wasioipata, walikuwa 57 kati ya 1,519. Yaani karibu 2 katika kila 100, dhidi ya karibu 4 katika kila 100. Hatari ilipungua nusu.

Sasa geuza macho utazame mkoa wetu. Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 kutoka maeneo ya Shinyanga na Mwanza. Una wilaya tano, na vijiji vingi viko mbali na lami. Masika yakikolea, udongo wa mbuga unakuwa kama gundi, na mto ukijaa hata bodaboda inakaa ng'ambo ikisubiri. Mtoto aliyetoka zahanati saa 11 jioni, masaa 6 yakiisha ni saa 5 usiku. Ni rahisi sana kuwa bado yuko njiani, kwenye baiskeli ya baba. Dawa hii ilitengenezwa kwa ajili ya safari kama hiyo. Inavishika vimelea vya malaria vikiwa bado vichanga kwenye damu, visiendelee kuongezeka wakati gurudumu linazunguka.

Hapa ndipo watu wanapokosea

Sikiliza vizuri sehemu hii, maana ndiyo kiini cha somo.

Mtoto akiwekewa artesuneti, mara nyingi baada ya masaa kadhaa homa inashuka. Anafungua macho. Anaomba maji. Familia inafurahi, na mtu anasema, "Ah, si amepona? Hospitali ya nini tena, na nauli yenyewe hatuna."

Hajapona! Vimelea vimepungua tu, havijaisha. Anaweza kuwa na upungufu mkubwa wa damu, sukari yake inaweza kuwa chini, au ugonjwa wenyewe unaweza kuwa wa aina nyingine kabisa. Hospitalini atachomwa artesuneti kwa angalau masaa 24. Akishaweza kumeza, atamaliza dozi ya siku 3 ya dawa ya mseto. Akihitaji damu au dripu, atapata huko huko.

Ushahidi upo. Mradi ulioanza mwaka 2018 uliisambaza dawa hii kwa wingi katika maeneo ya Kongo, Nigeria na Uganda, na watafiti wakafuatilia. Vifo havikupungua kama ilivyotarajiwa. Wengine hawakufika hospitali. Wengine walifika, wasipate matibabu kamili. Januari 2022 Shirika la Afya Duniani likazitaka nchi zisitishe kuisambaza zaidi mpaka sababu zieleweke. Mwaka 2023 likatoa mwongozo mpya: dawa itumike, lakini pale ambapo mhudumu amefundishwa, usafiri wa rufaa upo, na hospitali ina dawa za kumalizia.

Umeona? Dawa ilikuwa ile ile iliyookoa watu katika utafiti wa kwanza. Kilichopungua ni safari na mwisho wake. Ni kama kumrushia kamba mtu aliyetumbukia kisimani, kisha ukaondoka bila kumvuta.

Kuna hatari nyingine. Vimelea visipomalizwa hujifunza kuizoea dawa. Usugu wa namna hiyo dhidi ya dawa za ukoo wa artesuneti umeshathibitishwa Rwanda, Uganda na hata hapa Tanzania, huko Kagera, wenzetu wa Kanda ya Ziwa. Kila dozi inayoachwa nusu inaongeza tatizo hilo.

Tuzungumze juu ya aibu

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Mgonjwa anayeficha sehemu moja ya mwili wake anaweza kupoteza mwili wote. Wapo wazazi wanaokataa dawa hii kwa sababu wanaona ni fedheha, hasa kwa mtoto wa kiume. Wengine wanaogopa watoto watataniwa. Jamani, njia ya haja kubwa ni kiungo kama sikio. Kutiwa dawa pale hakumbadilishi mtoto chochote, wala hakumwondolei heshima.

Lakini heshima ina mipaka yake pia, na wewe kijana unapaswa kuijua. Tiba ya kweli ya sehemu za siri hutolewa na mhudumu wa afya, kwa sababu inayoelezwa wazi, na kwa mtoto mzazi au mlezi huwepo. Haifanywi gizani, wala haifuatwi na maneno "usimwambie mtu". Mtu yeyote, awe ndugu, mwalimu au jirani, akitaka kukugusa sehemu hizo kwa siri akisema ni dawa, hiyo si dawa. Kataa, ondoka, na mwambie mtu mzima unayemwamini. Ukimwona mdogo wako anafanyiwa hivyo, sema kwa niaba yake.

Wanasema... Ukweli ni kwamba...

*Wanasema:* Ni sawa na kupigwa bomba la mitishamba.
*Ukweli:* Hapana. Dawa hii ina kipimo kinachojulikana. Bomba la mitishamba halina kipimo, linaweza kuunguza utumbo na kumharisha mtoto mpaka akaishiwa maji.

*Wanasema:* Dawa ikiwekwa nyuma inatoka yote na choo.
*Ukweli:* Inayeyuka na kuingia kwenye damu. Ndiyo maana wanasubiri dakika 30.

*Wanasema:* Ukinunua zako ukaweka nyumbani, huna haja ya zahanati.
*Ukweli:* Bila kupimwa hujui kama ni malaria. Na bila rufaa hujamaliza matibabu.

*Wanasema:* Kidonge cha ukeni na cha njia ya nyuma ni kitu kimoja.
*Ukweli:* Vinafanana kwa umbo, ila kila kimoja kina kazi yake na njia yake. Soma maelezo, uliza. Na usimeze hata kimoja kati ya hivyo.

*Wanasema:* Dawa hizi unaweka popote tu.
*Ukweli:* Nyingi huyeyuka kwenye joto. Zihifadhi mahali penye ubaridi, mbali na jua na bati la moto, na mbali na watoto. Fuata maandishi ya kwenye pakiti.

Wewe utafanya nini?

Tanzania imepiga hatua. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015–16 ulikuta vimelea vya malaria kwa watoto 14 hivi katika kila 100 wenye umri wa miezi 6 hadi 59. Ule wa 2022 ulikuta 8 hivi. Hao 8 wapo, na wengine ni majirani zenu.

Kwa hiyo wiki hii, kabla hujasahau: fahamu zahanati yenu hufunguliwa saa ngapi, na usiku unamwamsha nani. Hifadhi namba ya simu ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Ongea na wazazi kuhusu nauli ya dharura, hata kidogo kidogo baada ya mavuno ya pamba. Jua ni nani kijijini ana pikipiki anayeweza kuamka saa 8 usiku. Na chandarua kile, mlalie. Msikitumie kufunikia vifaranga!

Maswali ya kujipima

1. Taja dalili nne za hatari kwa mtoto mwenye homa.
2. Kwa nini ni hatari kumnywesha dawa mtoto aliyezimia?
3. Eleza kwa kutumia Biolojia yako jinsi dawa inavyotoka njia ya nyuma mpaka kufika kwenye ubongo.
4. Mtoto wa miaka 4 ana kilo 16. Kwa miligramu 10 kwa kilo, anahitaji miligramu ngapi? Kwa nini mhudumu atampa vidonge viwili vya 100?
5. Mtoto amewekewa artesuneti saa 12 jioni, saa 3 usiku anacheka na anaomba chakula. Baba anataka kurudi nyumbani. Andika maneno 5 hadi 10 utakayomwambia.

Kazi ya kikundi: Chora ramani ya safari kutoka kijiji chenu mpaka zahanati, na kutoka zahanati mpaka hospitali. Andika muda wa kila kipande, kiangazi na masika. Je, safari yenu inazidi masaa 6? Kama inazidi, ni kipande gani kinaweza kufupishwa, na nani wa kuombwa? Ipelekeni ramani hiyo kwa mwenyekiti wa kijiji. Huenda ndiye anayeisubiri bila kujua.